Kijishimo cha Nane

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Imefika, jamani, imefika! Mashine imeshushwa maabara leo asubuhi, na mimi ndiye niliyeipokea, maana nilikuwa nimesimama mlangoni tangu mfagizi hajafika. Ukubwa wake haupiti redio ya mezani. Nimeipa jina papo hapo: Mpelelezi.

Naandika hapa kazi yake, ili nikija kuieleza mbele ya wakubwa nisipate kigugumizi. Ina bamba jembamba lenye vijishimo vinane. Chini ya kila kijishimo kuna kihisi. Unatia humo bakteria wa mgonjwa, kisha kila kijishimo unakitilia dawa yake. Kihisi kinawasikiliza. Bakteria wakiwa hai, wakila na kuzaana, mstari kwenye kioo unapanda. Dawa ikiwaua, mstari unaporomoka na taa inawaka kijani. Daktari anajua ampe mgonjwa dawa gani. Na yote hayo kabla ya chakula cha mchana!

Sasa mtazame Bi Subira. Si jina lake, ni sisi wa maabara tuliomwita hivyo kwa sababu ya visahani vyake. Tuko naye chumba kimoja miaka nenda miaka rudi. Anapaka bakteria kwenye kisahani, anapanga juu yake vikaratasi vya mviringo vilivyolowekwa dawa, anakifungia kwenye kabati la joto, anakwenda zake nyumbani kulala. Kesho yake anakuja kuchungulia. Karatasi yenye duara tupu pembeni, dawa hiyo inaua. Karatasi iliyozungukwa na bakteria wanaojistarehesha, dawa hiyo ni sawa na maji. Siku nzima imekwenda! Nimemwambia leo kwamba zama zake zimekwisha. Akaendelea kuimba kwa pua. Huwa anaimba kwa pua anaponidharau.

Lakini jambo lenyewe ni kiti. Msimamizi wetu amestaafu na kiti chake kiko wazi. Kiti cha magurudumu! Kinazunguka, kina pa kuegemeza mikono. Sisi wengine tunakalia stuli za mbao mpaka tunasahau tuna makalio. Daktari Mkuu wa hospitali amesema Ijumaa atakuja na wageni kumtazama Mpelelezi akifanya kazi, na siku hiyo hiyo atamtaja msimamizi mpya. Mwenye Mpelelezi au mwenye visahani? Hapo hata hapahitaji kuuliza.

Nyumbani nako sina kiti. Mama mkwe wangu alijikata mguu kwenye bati, kidonda kikakataa kufunga, mke wangu akamleta kwetu tumuuguze. Kiti changu chenye mto ndicho kinachofaa kuinua mguu. Sawa. Mimi nakalia ndoo iliyogeuzwa. Mama mkwe ananitazama kutoka kwenye kiti changu na kuuliza kama ndoo ni nzuri. Najibu ni nzuri sana, Mama.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma maelekezo ya Mpelelezi. Kitabu kinene, maandishi ya kusomwa na sisimizi. Mambo mawili yamenikera.

La kwanza: wanasema kijishimo cha nane kiachwe bila dawa. Bakteria peke yao, basi. Kwa nini? Sijui, nilifunga kitabu kwa hasira. Bi Subira anapima dawa saba kwenye kisahani chake, na nikiacha kijishimo kitupu nami nitakuwa na saba. Saba kwa saba! Wageni wataona tofauti gani? Nimetia dawa ya nane. Nane kwa saba. Nimemshinda kabla hata hatujaanza.

La pili: bamba lioshwe kwa maji yake maalumu tu. Nimeyajaribu. Yanaacha ukungu na vidoa. Wageni wenye tai waje watazame vidoa? Thubutu! Nimechukua spiriti na pamba, nikalisugua hadi ndani ya vijishimo, nikalifunika na kifuniko chake likiwa bado bichi ili lisipate vumbi. Linang'aa, unaweza kunyolea ndevu.

Bi Subira ameuliza kijishimo kisicho na dawa ni kipi. Nikamwambia hii ni teknolojia, si jikoni. Akaimba kwa pua.

Jioni, habari mbaya. Kidonda cha Mama kimeanza kunuka na mguu umevimba mpaka kwenye goti. Mke wangu amempeleka kwa daktari wa wodi, ambaye amechukua usaha kwa pamba na kuutuma maabara kwetu. Akasema asubiri ajulikane bakteria anaogopa dawa gani. Huenda ikawa vidonge, huenda ikawa sindano.

Mama akisikia neno sindano anakuwa mwingine kabisa. Mwanamke huyu amezika mume, amelea watoto sita, aliwahi kumtoa mwizi dirishani kwa mwiko. Lakini sindano! Amekaa kwenye kiti changu anatetemeka midomo. Aliniuliza polepole, mke wangu asisikie, kama mimi huko kazini siwezi kufanya lolote.

Ni mara ya kwanza Mama mkwe kuniomba kitu. Nilivimba kifua pale pale juu ya ndoo. Nikamwambia aniachie mimi, kesho mchana jibu atakuwa nalo, na sindano hataiona.

Kwa nini nilisema hilo la mwisho, sijui. Lilitoka lenyewe.

Jumatano, 5 Machi

SIKU KUU YA MAISHA YANGU.

Bakteria wa Mama walikuwa wameota vizuri usiku. Bi Subira akachukua wake, mimi nikachukua wangu. Yeye akaanza kupanga vikaratasi vyake kama anayecheza bao. Mimi nikafungua bamba langu linalong'aa, nikatia bakteria, nikatia dawa nane, nikabonyeza. Nikakaa juu ya stuli na kukunja mikono.

Mistari ilisimama kidogo, halafu ikaanza kuanguka. Mmoja, wa pili, wa tatu! Kijani! Kijani! Yote minane! Nimepiga ukelele mpaka mtu wa eksirei akaja kuuliza nani amefariki. Hakuna aliyefariki ila bakteria, nikamwambia, na kwa dawa zote!

Kisheria Mpelelezi bado yuko kwenye majaribio. Majibu ya wagonjwa yanatoka kwenye visahani tu. Lakini nilikwenda mwenyewe kwa daktari wa wodi. Nikamweleza kwamba huyu ni mama mkwe wangu, mguu unavimba, na kungoja kesho ni mateso ya bure. Daktari alisita. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikasema kama ninavyojua jina langu. Akaandika vidonge vile vyeupe vya kawaida.

Nimerudi nyumbani na pakiti mkononi. Mama ameshika vidonge akavitazama, akanitazama. Akamwambia mke wangu anipe kipande kikubwa cha nyama, kile ambacho siku zote huwa chake. Nimekula nikiwa juu ya ndoo lakini nilijiona niko juu ya kiti cha enzi.

Mke wangu ameuliza visahani vya mwenzangu vimesemaje. Nikamwambia visahani vimelala.

Alhamisi, 6 Machi

Bi Subira ana wivu. Sina neno lingine.

Asubuhi amefungua kabati la joto, akatoa kisahani chenye bakteria wa Mama, akakiweka mbele yangu. Karatasi saba. Sita zimezungukwa na bakteria mpaka pembeni kabisa, wamejaa, wametulia, wananawiri. Karatasi ya kidonge cheupe ni mojawapo. Duara tupu liko moja tu, na dawa yenyewe ni ya sindano.

Nikamwambia vikaratasi vyake vimepitwa na muda. Akanionyesha tarehe. Nikasema kabati la joto lina hitilafu. Akanionyesha kipimajoto. Nikasema basi alichanganya wagonjwa. Hapo akaacha kuimba kwa pua. Alisema mimi namfahamu, hachanganyi wagonjwa. Ni kweli, hajawahi.

Aliandika jibu lake akalipeleka wodini. Nikamfuata nyuma. Daktari akawa na majibu mawili mkononi, moja linasema kidonge, moja linasema sindano. Nikazungumza sana. Nilisema vihisi, nilisema umeme, nilisema nchi zilizoendelea. Nilipomaliza, daktari aliyekuwa na foleni ya wagonjwa hadi nje akasema basi vidonge viendelee hadi kesho, na kisahani kirudiwe.

Nimeshinda!

Nilirudi nyumbani alasiri na nyumba ilikuwa kimya. Jirani akaniambia mke wangu amemkimbiza Mama hospitali. Homa imempanda ghafla, alikuwa anaita watu waliokufa zamani. Nikageuza njia. Nimemkuta amelazwa, macho mekundu, mguu umekuwa kama si wake. Alipoona ni mimi akaniuliza kama hii ndiyo dawa inayopigana. Nikasema ndiyo, Mama, inapigana.

Mke wangu amebaki naye. Mimi nimerudi peke yangu. Kiti changu kiko wazi, na mto wake una alama ya mguu wa Mama. Wiki tatu nimekililia kiti hiki. Nimekikalia. Nikanyanyuka. Nimekikalia tena, nikanyanyuka. Nimeishia kwenye ndoo.

Ni uchovu tu. Kesho ndiyo Ijumaa. Mpelelezi hakosei.

Ijumaa, 7 Machi

Yamenikuta. Nianze mwanzo.

Nilifika mapema kufanya mazoezi ya mwisho kabla ya wageni. Nikalisugua bamba vizuri kwa spiriti, nikalifunika, nikafunua. Nikatia bakteria wale wale wa Mama, nikaanza kutia dawa. Nilipofika kijishimo cha nane, chupa ya dawa ya nane ilikuwa tupu. Niliimaliza kwa mazoezi ya wiki nzima. Nikajisemea, haidhuru, ni mazoezi, nikakiacha na bakteria peke yao. Nikabonyeza.

Mistari ikaanguka. Kijani, kijani, kijani. Na wa nane nao ukaanguka. Kijani.

Nilitabasamu kwanza. Kweli nilitabasamu, nikafikiri, tazama mashine hii, inaua hata bila dawa.

Halafu nikakitazama tena kijishimo cha nane.

Bakteria wale hawakuwa na dawa yoyote. Walitakiwa wale, wazaane, mstari upande mpaka juu. Wamekufa na nini? Nikalifunga bamba, nikalifungua. Nikapiga mashine kofi dogo la upole. Mstari ulikuwa chini na ukabaki chini. Nikafungua kile kitabu kinene, na pale nilipokuwa nimekifunga Jumanne kwa hasira, sentensi inayofuata inasema kijishimo cha nane ndicho cha kukuonyesha kwamba bakteria wako walikuwa hai kabla hujaisifu dawa. Wakifa na humo, majibu yote tupa.

Bi Subira alikuwa kwenye stuli yake. Sikuwa na mwingine wa kumwendea. Nikampelekea bamba kwa mikono miwili, kama mtoto anayepeleka kikombe alichovunja. Hakutazama hata kioo. Aliinama, akanusa, akasema bamba linanukia chumba cha sindano.

Spiriti! Niliwaua mimi. Jumatano niliwaua mimi, wote, kabla dawa hata moja haijawagusa, halafu nikapiga ukelele.

Ni lazima niseme ukweli hapa maana hapa hasomi mtu. Dakika ile niliona njia mbili na zote mbili zilikuwa wazi. Kiti kilikuwa pale, kwenye kona. Nikifunga mdomo, wageni wanakuja, kijani nane, makofi, kiti changu. Bi Subira hakuwa amesema atanisema. Alikuwa amekaa tu ananitazama. Na Mama alikuwa ghorofa ya juu anameza kidonge kisichofanya lolote, kwa sababu mimi nilimwambia kinapigana.

Nilikimbia. Sikuvua glavu, sikuvua koti, bamba lilikuwa bado mkononi. Ngazi zote nimezipanda mbili mbili. Nikaingia wodini mbio, na Mungu wangu, nani amesimama kando ya kitanda cha Mama? Daktari Mkuu! Na wageni watatu wenye tai! Walikuwa wameanzia wodini, ili daktari wa wodi awaonyeshe mgonjwa wa kwanza wa Mpelelezi!

Daktari Mkuu akawaambia wageni, kwa furaha, kwamba huyu ndiye mtaalamu mwenyewe.

Nikasema kidonge hakifai. Nikasema mpeni sindano, ile ya kisahani, sasa hivi. Daktari wa wodi akauliza imekuwaje. Ningeweza kusema mashine mbovu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini Mama alikuwa amefungua macho ananisikiliza. Basi nikasema yote, spiriti, kifuniko, kijishimo cha nane. Mgeni mmoja akaandika. Daktari Mkuu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana kuliko inavyohitaji miwani.

Daktari wa wodi hakupoteza muda. Akaita nesi. Akaniambia pembeni, kwa sauti ya chini, kwamba tungekaa hivi hadi Jumatatu wangekuwa wanazungumza habari ya kuukata mguu.

Mama alipoona sindano inakuja hakulia. Alinyoosha mkono akashika mkono wa koti langu. Nesi akamaliza, akaondoka na sinia lake, na Mama alikuwa bado hajauachia. Nimesimama vile vile, na glavu zangu, mbele ya wageni. Nililia mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Homa bado. Sindano asubuhi, sindano jioni. Hakuna cha kuandika. Nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi, na mke wangu ananiletea chai lakini hazungumzi nami. Ana haki. Nilimwambia visahani vimelala.

Jumapili, 9 Machi

Mama amelalamika kwamba chai haina sukari!

Nilisikia kutoka mlangoni. Akalalamika tena kwamba mto ni mgumu, na kwamba jirani wa kitanda anakoroma. Mke wangu alitoka nje akanikumbatia pale kwenye benchi, mbele ya watu, halafu akakumbuka kwamba amenikasirikia, akaniachia.

Homa imeshuka. Uvimbe umeshuka chini ya goti. Daktari amebonyeza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Niliingia kumwomba Mama radhi. Nilikuwa nimetayarisha maneno, marefu, ya heshima. Akanikatiza. Alisema tangu nimuoe binti yake amekuwa akiniogopa, kwa sababu mimi kila kitu najua. Ukiuliza mvua najua, ukiuliza bei najua, ukiuliza ndoo nasema nzuri. Amesema mtu asiyekosea hukai naye nyumba moja, unakaa kwake tu kama mgeni. Sasa ameona nakosea, tena kukosea kwenyewe kwa kishindo, amepumua. Akaniambia nimletee sukari.

Nimekimbia dukani kama mtoto aliyetumwa. Nimeleta paketi mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Bi Subira ametangazwa msimamizi. Hakuna aliyeshangaa, hata mimi, ingawa nilijikaza nionekane nimeshangaa kidogo, kwa ajili ya heshima yangu.

Aliniomba nimsogezee kiti kwenye meza yake. Nimekisukuma mwenyewe kutoka kona hadi kona. Gurudumu moja limekwama na jingine linalia kama paka aliyekanyagwa, na nilipokaa mara moja tu kukijaribu, kwa sekunde, kilizama mpaka chini kabisa, magoti yakanifika kidevuni. Hiki ndicho nilichokuwa nakitaka! Bi Subira alinitazama nikiwa kule chini. Akasema bila shaka stuli yangu sasa naiona nzuri. Hakuimba kwa pua.

Nilidhani ataniondoa kwa Mpelelezi. Hakuniondoa. Amesema mashine ni nzuri, na siku tukiiamini itawaokolea wagonjwa siku nzima ya kungoja, na siku nzima kwa mwenye homa si kitu kidogo. Amesema kweli mistari inapendeza. Ila ameweka masharti. Kila jibu la Mpelelezi litangoja kisahani hadi atakaposema yeye. Kijishimo cha nane kisitiwe dawa. Na spiriti nisiisogeze karibu na bamba, nisiitazame, nisiitaje. Nimeapa. Ameniapisha mara mbili, mara ya pili mbele ya mtu wa eksirei.

Jumamosi, 15 Machi

Mama amerudi nyumbani! Kwa miguu yake, polepole, mke wangu kushoto na mimi kulia. Kidonda kimeanza kufunga, chekundu, safi.

Nilikuwa nimefuta kiti na kupiga mto. Akasimama mbele yake akasema hapana, hiki ni cha mwenye nyumba, sasa mguu umepona. Nikasema Mama, kaa. Akasema kaa wewe. Nikasema mimi ndoo nimeizoea. Tukasimama wote wawili tunakitazama kiti, mpaka mke wangu akachoka na sisi akakikalia yeye.

Tumecheka mpaka Mama akashika ukuta. Kisha amekaa. Na mimi nimekaa kwenye ndoo, karibu naye, naye akaniuliza kama ni nzuri. Nikasema ni mbaya sana, Mama, inanikata mapajani. Alifurahi sana.

Halafu amenipa zawadi. Alikuwa wodini muda wote ule, akiwatazama manesi, na amependa usafi wao. Ameshona kitambaa cha kufutia, laini, pembeni amezungusha uzi wa buluu, kwa ajili ya mashine yangu. Mkono wake ule ule ulioshika koti langu! Na ndani ya kitambaa amefunga kichupa alichopewa na nesi siku ya kutoka. Amesema nesi yule alikuwa akijipaka mikononi kila anapogusa mgonjwa, haachi uchafu hata mmoja. Basi na mimi nikifutie chombo changu, nisiaibike tena mbele za watu.

Sijapata kupewa zawadi na Mama mkwe. Nimeingia chumbani kwanza, nikatulia, ndipo nikatoka kushukuru.

Jumatatu, 17 Machi

Wageni wanarudi! Wale wale watatu! Daktari Mkuu amesema wamevutiwa na namna nilivyosema ukweli wodini na wanataka kumwona Mpelelezi akifanya kazi kwa utaratibu. Leo, saa nne.

Bi Subira ametayarisha kila kitu. Nimefuata masharti yote, moja moja. Kijishimo cha nane nimekiacha bila dawa. Kinanisikitisha kukiona kitupu, lakini nimekiacha. Chupa ya spiriti nimeifungia kabatini na ufunguo nimempa yeye mwenyewe mkononi, akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Karibu yawe ya heshima.

Ametoka sasa hivi kuwapokea wageni ngazini. Nimebaki peke yangu na bamba. Yale maji maalumu yameacha ukungu tena. Na vidoa! Viwili, palepale mbele, atakaposimama mgeni mwenye tai nyekundu. Nimejaribu kupuliza, havitoki.

Nimekumbuka kitambaa cha Mama. Nimekileta mfukoni. Nimekifungua kichupa chake nikamimina kidogo, kinapoza mkono vizuri, kinakauka chenyewe, kinanukia usafi kama chumba cha sindano. Nimefuta vijishimo vyote, mpaka ndani, na cha nane nimekifuta kuliko vyote kwa sababu ya historia yake. Nikafunika haraka lisipate vumbi. Linang'aa! Mama angeliona!

Nawasikia wanapanda. Roho imetulia. Spiriti sikuigusa, nilikula kiapo na mimi ni mtu wa kushika neno. Hii ni jeli.